Picha Hiyo Huwa ni ya Nani? Kazi ya Mtengenezaji Huru wa Filamu za Hali Halisi, Ikitazamwa Kutoka Lamu

Katika kijiji cha Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, ambako mafundi wangali wanaunda na kukarabati majahazi na mashua ufukweni, mzee mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Nilikuwa nimeambatana na kundi la wapiga picha kutoka nje ya nchi, na kazi yangu ilikuwa kuwaombea idhini, kuwafasiria na kuwasaidia kubeba vyombo. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka tezo yake juu ya ubao, kisha akasema: "Mwanangu, picha hiyo ikisha kupigwa, huwa ni ya nani?" Nilimjibu kwamba wageni wale ni watu wema, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu la alichouliza.

Swali lile ndilo mlango wa kuingilia katika kazi ya mtengenezaji huru wa filamu za hali halisi, na asiyeanzia hapo ni vigumu kuelewa kwa nini wenye kazi hii huishi wanavyoishi: kwa nini filamu ya dakika themanini huwachukua miaka minne au saba, kwa nini mtu aliyetoka kupigiwa makofi Ulaya huonekana mwezi unaofuata akipiga picha za harusi, na kwa nini vijana wengi wenye vipaji huiacha kamera baada ya filamu moja tu. Huku kwetu dokumentari, kama wengi wanavyoiita, hudhaniwa kuwa ni taarifa ya habari iliyorefushwa, na mtengenezaji huru hudhaniwa kuwa ni mtu asiye na mwajiri. Dhana zote mbili zinapotosha. Mtu anaweza kukosa mwajiri maisha yake yote na bado kila picha aliyoipiga ikawa mali ya mwingine, na mwenzake anaweza kupokea fedha kutoka nchi tano na filamu ikabaki yake. Uhuru unaozungumzwa katika kazi hii hukaa mahali pawili: kwa yule mwenye kauli ya mwisho katika uhariri, na kwa yule mwenye hakimiliki. Mengine yote, pamoja na ule ufukara ambao mara nyingi huchukuliwa kuwa ndiyo alama ya uhuru, hutokana na jinsi mambo hayo mawili yanavyolindwa au yanavyouzwa.

Tuanze na muda, kwa kuwa muda ndio unaozaa gharama. Mwandishi wa habari huliendea tukio, ilhali mtengenezaji wa filamu ya hali halisi humfuata mtu, na maisha ya mtu hayana ratiba. Chukua mfano wa bandari yetu. Mwezi Machi mwaka 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET, yaani ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari. Mwezi Juni mwaka 2019 mahakama inayoshughulikia rufaa za mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa umepangwa kujengwa huku huku Lamu. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa mwezi Mei mwaka 2021. Hiyo ni miaka tisa. Kamera za televisheni zilikuwapo siku ya uzinduzi, siku ya hukumu na siku ya gati, na hazikuwa na sababu ya kuwapo siku nyingine. Lakini anayetaka kuonyesha mambo haya yamekuwaje katika nyumba moja ya mvuvi, namna baba anavyolazimika kwenda mbali zaidi kutafuta samaki na namna mtoto anavyoamua kuirithi au kutoirithi kazi hiyo, hana budi kuwapo katika siku zile zisizo na tukio lolote. Ruzuku ya miaka tisa haitolewi na mfuko wowote ninaoujua. Siku zisizo na tukio hulipiwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa jasho lake au kwa mkopo.

Filamu za Kenya zilizofika mbali zaidi katika miaka ya karibuni zote zimepita njia hiyo. Filamu ya *The Letter* ya Maia Lekow na Christopher King, inayomhusu bibi aliyeshutumiwa uchawi katika kaunti ya Kilifi, ilionyeshwa katika IDFA, tamasha la filamu za hali halisi mjini Amsterdam, mwaka 2019 baada ya miaka kadhaa ya kurekodi, na baadaye Kenya ikaipeleka kuiwakilisha katika tuzo za Oscar. Mwaka 2020 filamu ya *Softie* ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi, ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance nchini Marekani, nayo pia ilikuwa imerekodiwa kwa miaka mingi. Kwamba tuzo ile ilikuwa ya uhariri si jambo dogo, kwa sababu filamu ya aina hii huandikwa kwa mara ya pili ndani ya chumba cha mhariri, na hapo ndipo fedha za wengi huishia.

Ili msomaji apate kipimo, tuchukulie mfano wa kubuni lakini wa kawaida: filamu inayorekodiwa Lamu kwa miaka minne, siku 60 kwa jumla, saa mbili za picha kila siku. Hizo ni saa 120 za picha. Kamera ikirekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya wastani kwa picha za ubora wa juu, kila saa itachukua gigabaiti 45, na kazi nzima itakuwa na terabaiti 5.4. Mwenye busara huweka nakala tatu, moja yake katika nyumba nyingine kabisa, kwa hiyo atahitaji diski za zaidi ya terabaiti 16. Juu ya hayo, hewa ya chumvi ya kisiwani haina huruma: huingia katika viungo vya kamera, hualika ukungu katika lenzi, na huozesha soketi za nyaya kabla ya wakati wake. Nimeshaona lenzi nzuri ikiharibika kwa msimu mmoja wa mvua kwa sababu tu ya kulazwa nje ya kisanduku kisichopitisha hewa.

Zaidi ya diski kuna maneno. Mazungumzo ya Kiamu au ya Kibajuni, lahaja za Kiswahili za huku kwetu, lazima yaandikwe yote, kisha yafasiriwe kwa ajili ya mhariri na kwa ajili ya wafadhili, ambao aghalabu hawajui hata Kiswahili sanifu. Kwa uzoefu wangu saa moja ya mazungumzo ya watu watatu barazani, wakikatizana na kutaniana, hula siku nzima ya kazi na wakati mwingine huvuka. Gharama hii husahaulika karibu katika kila bajeti ya mtu anayeanza, na matokeo yake ni kwamba filamu huhaririwa kwa kufuata muhtasari wa maneno badala ya maneno yenyewe. Wenyeji wanapokuja kuitazama, husikia mzee anasema jambo moja huku maandishi ya chini yakisema jingine. Mimi huona kwamba kosa hilo ni zito kuliko picha iliyotikisika, na bado hakuna jopo la tuzo litakaloligundua.

Tuendelee na mfano wetu. Tuchukulie kwamba filamu hiyo imefanikiwa kukusanya shilingi milioni sita, kwamba kila mtu wa kikosi analipwa anachostahili, na kwamba mwongozaji amejiwekea shilingi 900,000 kama malipo yake. Kiasi hicho kikigawanywa kwa miezi 48 kinakuwa shilingi 18,750 kwa mwezi. Na hapo tumechukulia kwamba fedha zote zilipatikana, jambo ambalo ni nadra, na kwamba mwongozaji hakuchukua sehemu ya malipo yake kuziba pengo la nauli ya mashua au la mhariri, jambo ambalo ni nadra zaidi. Hesabu hii inaonyesha wazi kwamba hakuna anayeishi kwa filamu yake moja. Swali la haki ni kuuliza anaishi kwa nini wakati filamu inatengenezwa, na kile anachoishi nacho kinamwachia nini.

Hapa ndipo inapofaa kuzitofautisha fedha, kwa maana fedha zinazofanana noti hazifanani masharti. Aina ya kwanza ni kazi ya kuagizwa. Kituo cha televisheni, shirika la misaada au kampuni hukutaka utengeneze filamu, hulipa gharama zote, na mara nyingi hulipa kwa wakati. Ni fedha nzuri, na nisingemkataza mtu yeyote kuzichukua, ila lazima ajue sheria inasemaje. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mwandishi wa kazi ya picha na sauti ni yule aliyefanya mipango ya kutengenezwa kwake. Lakini kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umeuza. Mtu anaweza kurekodi maulidi ya Lamu kwa miaka mitatu mfululizo kwa kuagizwa, na akitaka dakika mbili tu za picha zile kwa ajili ya filamu yake mwenyewe kuhusu msikiti wa Riyadha, ambako maulidi hayo husomwa, akalazimika kuziomba au kuzinunua. Sentensi moja katika mkataba, inayosema kwamba picha zisizotumika zinabaki kuwa za mpiga picha, ingemwokoa.

Aina ya pili ni kuuza leseni. Hapa filamu ni yako, na kituo hununua ruhusa ya kuionyesha. Watengenezaji wengi wapya husikia neno "kununua" na hudhani wameuza filamu, ilhali leseni hupimwa kwa mambo yanayoweza kutenganishwa: ni nchi zipi, ni kwa miaka mingapi, ni kwa njia gani ya kuonyeshea, na je, mnunuzi ni huyo peke yake au wengine nao wanaweza kuuziwa. Filamu moja inaweza kuuzwa Ujerumani kwa televisheni, Afrika Kusini kwa mtandao, na vyuo vikuu vya Marekani kwa maktaba, zote kwa wakati mmoja, bila ya mmoja kumdhulumu mwingine. Anayetia sahihi mkataba unaosema "dunia nzima, njia zote, daima" kwa malipo ya mara moja huwa ameifunga milango hiyo yote kwa pamoja, na nimewaona watu wakifanya hivyo kwa furaha kabisa kwa sababu ilikuwa ndiyo hundi yao ya kwanza.

Aina ya tatu ni ruzuku, na hizi ndizo zinazoishikilia kazi huru ya Afrika Mashariki. Nairobi kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge kwa ajili ya filamu za hali halisi za ukanda wetu. Amsterdam kuna mfuko wa IDFA Bertha, ambao hapo awali ulijulikana kwa jina la Jan Vrijman, unaowalenga watengenezaji wa Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati. Toronto tamasha la Hot Docs limekuwa na mfuko wa filamu za Afrika, na Sundance nayo ina wake. Ruzuku kwa kawaida haidai hakimiliki, na ndiyo maana ni fedha inayopiganiwa na mamia ya watu. Hutolewa kwa vipande: kipande cha kuutayarisha mradi, kipande cha kurekodi, kipande cha kumalizia. Kila kipande kina fomu zake, kionjo chake cha picha, bajeti yake na maelezo yake ya kurasa nyingi kwa Kiingereza. Mtu anayejua kumsubiri mvuvi saa sita bila kuchoka anaweza kushindwa na fomu hiyo, na mwenzake asiye na subira ya kusubiri chochote akaijaza vizuri. Naliona hili kuwa ni kasoro kubwa ya mfumo mzima, na ndiyo sababu mtayarishaji, yule mtu wa bajeti, barua na mikataba, si anasa hata kwa filamu ndogo ya kisiwani. Wengi wetu huanza bila yeye kwa kudhani tunaokoa fedha.

Ruzuku za Marekani zina fundo jingine. Mifuko mingi ya huko haiwezi kumpa mtu binafsi fedha moja kwa moja, hudai zipitie kwa shirika lisilo la kibiashara lililosajiliwa huko, ambalo nalo hukata sehemu yake, aghalabu kati ya asilimia 5 na 10. Mauzo ya leseni kwa mnunuzi wa Marekani nayo hukatwa kodi ya asilimia 30 kabla ya kutumwa, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Hapa nyumbani mteja anayekulipa kwa utaalamu wako hukata asilimia 5 na kuiwasilisha kwa mamlaka ya kodi kwa jina lako, na usipodai hati ya makato hayo utajikuta unadaiwa kodi hiyo tena.

Aina ya nne ni utayarishaji wa ubia, ambao huzungumzwa kwa heshima kubwa katika masoko ya filamu kama lile la Durban lililoanza mwaka 2010. Mtayarishaji wa Ulaya hujiunga na wa Kenya, naye huleta fedha za mifuko ya nchi yake. Lakini mifuko hiyo ni kodi za wananchi wa huko, na kwa haki kabisa hutaka sehemu ya fedha itumike huko huko. Kwa hiyo filamu iliyorekodiwa Pate au Faza huhaririwa Berlin, sauti yake husafishwa Copenhagen, na rangi zake hupangwa Amsterdam. Filamu hutoka nzuri, na mwongozaji hupata marafiki na ujuzi. Kinachopotea ni kile ambacho kijana wa Lamu angejifunza kama angekaa nyuma ya mhariri kwa miezi sita. Tumekuwa watu wanaosafirisha picha ghafi na kurudishiwa filamu, na sioni njia ya kutoka hapo isipokuwa wanaojadiliana mikataba hiyo wadai, kwa maandishi, kwamba sehemu fulani ya uhariri ifanyike hapa pamoja na msaidizi wa hapa.

Filamu ikikamilika huanza safari ya matamasha, na hapa kuna kanuni ambayo huwashangaza wenyeji wa mahali filamu ilikorekodiwa. Matamasha makubwa hutaka kuwa ya kwanza kuionyesha filamu duniani, au walau barani mwao. Sundance huwa Januari, Hot Docs kati ya Aprili na Mei, Durban Julai, IDFA Novemba, na anayekosea mpangilio huo anaweza kuupoteza mwaka mzima. Ukiiweka filamu yako mtandaoni wiki moja baada ya kuimaliza kwa ajili ya watu wa mtaani, umejifungia milango ya karibu yote hayo. Ndiyo sababu mtu aliyerekodiwa Kizingitini husikia kwamba filamu yake imeonyeshwa Uholanzi, Kanada na Afrika Kusini, na yeye hajaiona. Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni kwamba onyesho la faragha kwa wale walioshiriki halihesabiwi kuwa onyesho la hadhara. Hakuna tamasha litakalokukataa kwa kuwa uliwaonyesha wavuvi kumi filamu yao sebuleni. Kwa maoni yangu hilo ni deni, na tena hulipwa kabla uhariri haujafungwa, wakati ambapo bado inawezekana kuondoa neno litakalomletea mtu aibu mbele ya jirani zake. Baadaye, filamu ikisha kuzunguka, ndipo huja lile onyesho la wazi, na uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu unajulikana na kila mtu.

Matamasha yenyewe hayalipi mishahara. Baadhi hulipa ada ndogo ya kuonyesha filamu na kumgharimia mwongozaji nauli na malazi, na mengi hutoza ada ya kuipokea filamu kwa ajili ya kuteuliwa. Anayetoka Lamu huanza kwa kuvuka Mokowe au kupanda ndege Manda ili afike Nairobi kutafuta viza, na akinyimwa viza hiyo, maswali ya watazamaji hujibiwa na mbia wake wa Ulaya. Faida ya kweli ya tamasha ni kwamba hapo ndipo wanunuzi na mifuko hukutana, na filamu ya pili huzaliwa katika mazungumzo ya filamu ya kwanza. Hiyo pia ndiyo sababu ya wengi kuanguka: hufika tamashani bila wazo la pili lililoandikwa, huulizwa "sasa unafanya nini?", na hawana la kusema isipokuwa kwamba wamechoka.

Kati ya filamu na filamu, watu hula kwa kazi nyingine. Wapo wanaofundisha, wapo wanaopiga picha za nyumba za wageni kule Shela, wapo wanaofanya kazi na mashirika ya misaada. Wengi tumekuwa mafiksa, yaani wenyeji wanaowatafutia vikundi vya nje watu, vibali, mashua na ufasiri. Fiksa hulipwa kwa siku, na akishalipwa hana haki yoyote juu ya filamu, hata kama hadithi nzima ilitoka kinywani mwake. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka, na sikuidharau, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha namna kikosi kinavyopangwa. Lakini kuna mstari ambao kila fiksa anapaswa kuujua. Kupata mashua ni huduma. Kumtafuta mhusika, kukaa naye, kumshawishi, kumuuliza maswali na kurekodi majibu wakati wageni wamerudi kwao ni utayarishaji, na mara nyingine ni uongozaji. Kazi hiyo inastahili kuandikwa kwa jina lake katika mkataba kabla ya kuanza, maana baadaye hakuna atakayekumbuka.

Harusi nazo zimewasomesha watoto wa wapiga picha wengi, na katika mji wetu zina upekee wake. Sherehe za upande wa wanawake hazipigwi picha na mwanamume, na picha zake hazitoki nje ya familia. Kwa hiyo wako wanawake wa Lamu na Malindi waliojifunza kamera, taa na uhariri ndani ya sherehe hizo, wakifanya kazi usiku kucha katika vyumba vyenye mwanga mgumu na muziki wa sauti ya juu, wakiwa wamekabidhiwa siri za nyumba za watu. Hakuna mafunzo bora kuliko hayo kwa filamu ya hali halisi, kwa kuwa uaminifu ndio msingi wa kazi yenyewe. Naamini filamu bora zaidi kuhusu mwambao huu bado hazijatengenezwa, na kwamba wanaoweza kuzitengeneza ni wanawake hao, iwapo mifuko itawafikia mahali walipo badala ya kuwasubiri katika makongamano ya Nairobi.

Vibali nitavipitia kwa ufupi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo asili yake ni mwaka 1962, hudai leseni kabla ya kurekodi filamu ya kuonyeshwa hadharani, na hudai maelezo ya matukio pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Ni dhahiri kwamba iliandikwa kwa kuwaza filamu za kuigiza, kwa maana hakuna ajuaye mvuvi atasema nini kesho. Droni zina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa Manda uko karibu mno na mji kwa mtu kurusha chombo chake ovyo. Ngome na makumbusho ziko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na zina utaratibu wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeifanya sura ya mtu kuwa data yake, ingawa imeacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa. Kisha kuna ruhusa ambazo hazimo katika sheria yoyote: ya mwenye nyumba kabla ya kuivuka daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ya imamu, ya nahodha, na ya mama wa mtoto hata kama baba amekubali.

Hati ya idhini inastahili maneno zaidi. Wanunuzi wa nje, na kampuni za bima zinazowalinda dhidi ya mashtaka, hudai karatasi yenye sahihi ya kila anayeonekana kwa uwazi, na karatasi hizo hutumwa kwetu kwa Kiingereza cha mawakili, zikisema kwamba mtu anatoa sura na sauti yake milele, ulimwenguni kote, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa. Nimewahi kumsomea mtu karatasi kama hiyo kwa haraka, akatia dole gumba, na usiku ule sikulala vizuri. Sasa huandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosema filamu inahusu nini, nani analipa, itaonyeshwa wapi, na mpaka lini mhusika anaweza kubadili nia. Huusoma mbele ya mtu wa nyumbani kwake, huurekodi usomaji wenyewe, na humwachia nakala. Wanunuzi wameukubali kila mara, ukiwa umeambatanishwa na tafsiri.

Na hapa ndipo jibu la mzee wa Matondoni linapopatikana. Picha zina maisha marefu kuliko filamu. Chini ya sheria yetu, hakimiliki ya kazi ya picha na sauti hudumu miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, kwa kufuata lile lililochelewa zaidi. Picha ya ufuo wa Kililana wenye mikoko, iliyopigwa kabla ya mashine za bandari kufika, haiwezi kupigwa tena. Watengenezaji wa filamu za kesho, wanahistoria na hata mawakili watahitaji picha hizo, na watazinunua kwa bei ya kila sekunde. Kwa mtengenezaji asiye na pensheni hiyo ndiyo akiba yake, kwa sharti kwamba hakuiuza pamoja na kazi ya kuagizwa, na kwamba anaweza kuipata anapoihitaji. Nimewajua watu wenye miaka ishirini ya picha katika diski zisizo na jina hata moja, na wenye kanda ambazo hakuna tena kifaa cha kuzisomea.

Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuoga chumvi, nakili picha za siku mara tatu na uandike katika daftari: tarehe, mahali, jina la kila aliyeonekana, lugha iliyosemwa, nani aliyelipia siku hiyo, na idhini ya mhusika imewekwa wapi. Safu ya nani aliyelipia ndiyo niliyochelewa kuiongeza. Mzee yule nilimrudia miaka michache baadaye nikiwa na kamera yangu mwenyewe, nikamwonyesha daftari, na mbele ya tarehe ya siku tuliyokutana mara ya kwanza safu hiyo ilikuwa tupu, kwa sababu picha za siku ile hazikuwa zangu wala zake. Alinitaka niandike hivyo hivyo, kisha akaniambia nisogee upande wa kivuli, kwa sababu alitaka kuendelea na kazi.